Fuata Ufunguo: Mwongozo Kamili wa Kuirudia Dead Reckoning Kabla ya Kuitazama The Final Reckoning

Filamu ya saba katika mfululizo wa Mission: Impossible, iitwayo Dead Reckoning, ilitoka Julai 2023, na ya nane, The Final Reckoning, ikafuata Mei 2025. Watu wengi wa Dar es Salaam walioiona ile ya saba mara moja, iwe ukumbini au sebuleni, ukiwauliza wanakumbuka nini, watakutajia pikipiki inayoruka kutoka kilele cha mlima na mabehewa ya treni yanayoning'inia darajani. Ni matukio ya kusisimua kweli, lakini hakuna hata moja kati yake litakalokusaidia kuielewa filamu inayofuata. Ya nane inadhani kwamba bado unakumbuka nani ana nini, alikipata wapi, nani alimwokoa nani, na nini kilitokea ndani ya nyambizi moja iliyozama kabla hata jina la filamu halijatokea kwenye kioo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuirudia filamu ya saba kwa kazi maalumu, akitumia jioni moja au mbili, ili aingie kwenye mwendelezo wake akiwa na kisa kizima kichwani. Kisa cha ya saba kinaelezwa hapa bila kufichwa. Cha ya nane sikigusi, isipokuwa pale ninapokuonyesha vitu vya zamani ambavyo utavihitaji, bila kusema vitatumikaje.

Hatua ya kwanza: Amua utakachorudia na utakachoacha

Kosa la kawaida la mpenzi wa filamu ni kuamua kuanza mwanzo kabisa. Filamu saba za kwanza, kuanzia ile ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Brian De Palma, zinachukua zaidi ya saa 15 zikiunganishwa. Mtu mwenye kazi, familia na foleni ya kurudi nyumbani kila jioni hazimalizi, na hata akizimaliza, atafika kwenye ya nane akiwa amechoka na amechanganya mambo.

Chagua hivi. Filamu ya saba utaitazama yote, dakika zake 163, bila kurukaruka. Ya kwanza utairudia kwa vipande vichache nitakavyovitaja mbele, na ya tatu, ya mwaka 2006, hali kadhalika. Ya pili, iliyoongozwa na John Woo mwaka 2000, iache kabisa. Njiwa na pikipiki zake ni burudani ya enzi yake, na kwa kazi hii haina mchango. Ya nne, ile ya mwaka 2011 ambamo Ethan Hunt, jasusi ambaye ndiye stelingi wa mfululizo, anaparamia jengo la Burj Khalifa pale Dubai, ni nzuri kuliko watu wanavyoipa sifa, lakini nayo unaweza kuishi bila kuirudia. Ya tano, ya mwaka 2015, ndiyo inayomleta Ilsa Faust, jasusi wa kike anayekuja kuwa mwenzake Ethan, na ya sita, Fallout ya mwaka 2018, ndiyo inayomleta Alanna, mfanyabiashara wa magendo anayejulikana kama Mjane Mweupe. Ukiwa na Jumapili nzima mikononi, ongeza Fallout. Kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote nane, na inakupa uzito wa urafiki wa Ethan na wenzake ambao ya saba inautumia bila kuueleza upya.

Hatua ya pili: Pata nakala inayofaa

Hapa Dar nakala zipo za aina tatu, na si zote zinazokufaa. Ya kwanza ni ile iliyotafsiriwa, ambamo mtafsiri anazungumza juu ya sauti za waigizaji, anatia chumvi, anatania na kumsindikiza stelingi kwa maneno yake mwenyewe. Mimi ni miongoni mwa wanaozipenda filamu hizo, na nimewahi kukaa kwenye kibanda umiza nikacheka zaidi ya nilivyotazama. Tatizo ni kwamba filamu ya saba imeficha mambo yake muhimu ndani ya mazungumzo: jina la nyambizi linatajwa kwa sentensi moja, kazi ya ufunguo inafichuliwa na mtu anayeongea kwa taabu kwa sababu amechomwa kisu, na mtafsiri aliyenogewa na tukio la kupigana anaweza kulipita neno hilo juu kwa juu. Iache ile iliyotafsiriwa iwe ya mara ya tatu, kwa starehe.

Aina ya pili ni nakala ya kujaziwa kwenye flashi mtaani. Mbali na suala la haki za wenye kazi yao, ambalo si dogo, nakala hizo mara nyingi hupunguzwa ukubwa mpaka picha za usiku zinakuwa giza tupu. Sherehe ya Venice na mapigano yanayofuata vichochoroni ni usiku mtupu, na ndipo pana kifo ambacho unapaswa kukiona vizuri.

Aina ya tatu, na ndiyo ninayoipendekeza, ni kuikodi au kuitazama kwenye huduma halali unayolipia. Hapa hesabu ya bando ni muhimu. Netflix, kwa mfano, inakadiria matumizi ya hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na hadi GB 3 kwa saa kwa ubora wa juu, na huduma nyingine haziko mbali na makadirio hayo. Kwa filamu ya dakika 163, hiyo ni karibu GB 2.7 kwa ubora wa kawaida na zaidi ya GB 8 kwa ubora wa juu. Kama huduma yako inaruhusu kupakua, ipakue usiku wa manane au kwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, kisha itazame bila kutegemea mtandao. Filamu inayoganda kila baada ya dakika tano haifuatiliki, na hii hasa ni filamu ya kufuatilia.

Hatua ya tatu: Andaa chumba, sauti na daftari

Anza saa 1:30 usiku, si saa 4:00. Ukianza saa 1:30 utamaliza saa 4:15 hivi, au baadaye kidogo ukiweka mapumziko mafupi. Angalia uniti za LUKU mapema, na kama mtaa wenu umeme hukatika mara kwa mara, tumia kompyuta mpakato yenye chaji kamili badala ya runinga.

Jambo la sauti watu hulidharau. Nyumba nyingi hapa zina sabufa, na sabufa ikifunguliwa hadi mwisho mlio wa pikipiki unatikisa madirisha mpaka kwa jirani, lakini mazungumzo yanamezwa na besi. Punguza besi, ongeza sauti ya kati, na uwashe maandishi ya chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Wahusika wa filamu hii wananong'ona sana, wanataja majina ya Kirusi, Kifaransa na Kiitaliano, na Alanna haongei kwa sauti ya kawaida hata mara moja.

Kisha chukua daftari. Ukurasa mmoja ugawe safu tatu: mahali, nani anashika nusu ya kwanza ya ufunguo, nani anashika nusu ya pili. Ukurasa wa pili uwe wa watu: jina, anamfanyia kazi nani, na mwisho wa filamu yuko hai au amekufa. Hakuna haja ya zaidi ya hapo. Ukijaza kila kitu utakuwa unaandika badala ya kutazama.

Kama hutazami peke yako, wekeni utaratibu mapema. Katika kila sebule kuna kijana atakayeuliza, "Anko, kwani huyu si yule wa mwanzo?" wakati mtu anataja jambo la maana. Mwambie kwa upole kwamba maswali yote yanangoja filamu isimamishwe, na rimoti ikae kwa mtu mmoja. Isimamisheni mara mbili tu: baada ya tukio la uwanja wa ndege, na kabla ya treni kuondoka.

Hatua ya nne: Tazama kwa kufuata ufunguo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nyingine zote zinaisindikiza. Filamu ya saba ina kitu kimoja kinachosafiri kutoka mwanzo hadi mwisho, nacho ni ufunguo wenye umbo la msalaba uliogawanyika nusu mbili. Ukiufuata huo, kila tukio linajipanga lenyewe. Ukiacha kuufuata ukawatazama wanaokimbizana, utakuwa kama mtu anayetazama mchezo wa karata tatu Kariakoo, macho yote kwenye mkono usio na karata.

Anza na dakika za nyambizi, nazo zitazame mara mbili. Sevastopol ni nyambizi ya Kirusi iliyo chini ya barafu katika Bahari ya Bering. Imefichwa kiasi kwamba inasafiri bila kutegemea ishara kutoka nje: mabaharia wanajua walipo kwa kuhesabu mwendo, mwelekeo na muda uliopita tangu mahali walipoanzia. Maana yake ni kwamba wanategemea vyombo vyao wenyewe tu, na mtu akivichezea vyombo hivyo hakuna jicho la nje litakalowaambia ukweli. Ndicho kinachotokea. Nyambizi ya adui inaonekana kwenye vyombo, wanafyatua torpedo, kisha adui anatoweka kana kwamba hakuwahi kuwapo, na torpedo yao inageuka kuwarudia. Miili ya mabaharia inaelea hadi chini ya barafu, na nusu mbili za ufunguo ziko kwenye miili miwili tofauti. Andika daftarini: bahari gani, nyambizi gani, nusu ziko shingoni mwa nani. Katika sehemu kubwa ya filamu wahusika wanaugombea ufunguo bila kujua unafungua nini, ilhali wewe umeonyeshwa tangu dakika za kwanza.

Kinachofuata ni Amsterdam, ambako Ethan anapokea kazi yake, na kisha jangwa la Arabuni lenye dhoruba ya mchanga, ambako Ilsa anayo nusu moja na wawindaji wako juu yake kwa sababu kichwa chake kimetangaziwa dau. Hapa angalia mambo mawili: nusu inahamia kwa Ethan, na Ilsa anafanywa aonekane amekufa. Kifo cha bandia cha mwanzo ni maandalizi ya kifo cha kweli cha baadaye, na wengi walioiona filamu mara moja walikaa wakisubiri Ilsa azinduke tena. Hakuzinduka.

Mkutano wa wakuu wa ujasusi mjini Washington ni mrefu na una maneno mengi, na ndipo watu huenda jikoni. Usiende. Hapo ndipo programu iitwayo Entity inaelezwa: akili mnemba iliyojifunza mpaka ikajitegemea, inayoingia kwenye mifumo ya benki, majeshi na mawasiliano na kuondoka bila kuharibu kitu, kana kwamba inaacha salamu. Tazama kile chumba chenye safu za watumishi wakichapa nyaraka kwa taipureta. Picha hiyo ni ya sekunde chache, lakini inakuambia kwamba serikali kubwa kuliko zote imeacha kuuamini mfumo wowote wa kidijitali na inakimbilia karatasi. Kuanzia hapo swali la filamu si nani atamshinda nani kwa bunduki. Ni nani anaweza kuamini anachokiona na kukisikia.

Kwenye uwanja wa ndege wa Abu Dhabi mambo yanazidi kasi, na ndipo daftari linalipa. Nusu moja iko kwa Ethan. Nyingine iko kwa abiria anayekwenda kuiuza. Mpango wa Ethan ni kuifuata biashara hiyo hadi kwa mnunuzi, ili ajue ufunguo unafungua nini. Anajitokeza Grace, mchomozi wa mifuko mwenye vidole vyepesi, naye hajui anachokiiba kina thamani gani. Kila mikono ya Grace inapokaribia koti la mtu, simamisha jicho kwenye mikono, si kwenye uso wake, kwa sababu Hayley Atwell anauigiza uso huo hasa ili usitazame mikono. Wakati huohuo, chini kwenye mizigo, Benji, mwenzake Ethan, anakuta kitu kama bomu la nyuklia linalomuuliza mafumbo. Watu wengi hukiona kipande hiki kama kichekesho cha kujaza muda. Si hivyo. Bomu ni mtego, na kitu kinachotafutwa ni majibu ya Benji: Entity inataka kujua anaogopa nini na anampenda nani. Andika majibu yake. Hapohapo Ethan anamwona Gabriel, mtumishi wa Entity na sura ya zamani ambayo vioo vya kidijitali havimwonyeshi, na anaivunja kazi nzima.

Roma unaweza kuitazama kwa raha zako. Kafiati kadogo ka manjano, pingu zinazowafunga dereva na abiria, ngazi maarufu za Kihispania, polisi, wanajasusi, na Paris, muuaji wa kike anayemtumikia Gabriel, na gari lake kubwa linaloponda kila kitu: yote ni ufundi wa hali ya juu, na mwongozaji Christopher McQuarrie anajua kuchekesha katikati ya hatari. Kwa daftari lako andika mstari mmoja tu, kwamba Grace anamtoroka Ethan tena.

Venice ni kinyume chake. Katika sherehe ya Alanna wahusika wote wanakutana chumba kimoja: Ethan, Ilsa, Grace, Alanna na Gabriel, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kuutaka ufunguo. Gabriel anatangaza kwamba mmoja wa wanawake wawili, Ilsa au Grace, atakufa usiku huo. Kisha Entity inaigiza sauti ya Benji kwenye kifaa cha sikioni na kumpeleka Ethan kwenye kichochoro kisicho sahihi. Hapo ndipo lile swali la Washington linapojibiwa kwa damu: sauti ya rafiki yako haitoshi tena kuwa ushahidi kwamba ni rafiki yako. Ilsa anauawa na Gabriel darajani. Stelingi hafi, hilo kila mtoto wa mtaani anajua, lakini filamu hizi zimejifunza kuwaua walio karibu naye, na ya nane inaendelea kulibeba deni hilo.

Kabla ya treni kuna mazungumzo mafupi ya Luther, mwenzake Ethan wa siku nyingi. Anaondoka kwenda kufanya kazi yake peke yake mahali pasipo mtandao. Hakuna mlipuko, hakuna mbio, na kwa hiyo kumbukumbu hukitupa kipande hiki. Wewe kiandike, na uandike pia anachomwambia Ethan kuhusu kumwacha Gabriel hai.

Pikipiki ya Norway, ambayo inasemekana Tom Cruise aliirusha mara sita siku ya kuirekodi, itazame tu. Haina taarifa. Treni nayo ina taarifa nyingi kuliko inavyoonekana, na zote ziko ndani ya mabehewa kabla ya daraja kulipuka. Grace amevaa sura ya Alanna. Ufunguo umekamilika, nusu zote mbili pamoja. Kittridge, mkuu wa CIA, yuko tayari kuununua. Denlinger, mkuu wa ujasusi wa Marekani, anamweleza Gabriel kwamba chanzo cha Entity kimo ndani ya Sevastopol, na analipwa kwa kuuawa. Paris, aliyeachiwa maisha na Ethan kule Venice, anachomwa kisu na bwana wake mwenyewe, na kabla ya kuzimia anamwambia Ethan ufunguo unafungua nini. Juu ya treni Ethan na Gabriel wanapigana, Gabriel anaruka akiamini ameondoka na ufunguo, na hana kitu: Ethan amemfanyia kazi ileile ya Grace. Kama daftari lako limejazwa sawasawa, mstari wa mwisho unasema hivi: nusu zote mbili ziko kwa Ethan, kufuli liko chini ya barafu ya Bering.

Hatua ya tano: Jaza ukurasa wa watu

Fanya hivi usiku uleule, kabla hujalala. Kittridge, anayeigizwa na Henry Czerny, alikuwa bosi wa Ethan katika filamu ya kwanza, akapotea kwa miaka 27, na sasa anaongoza CIA. Grace ameanza kama mwizi na amemaliza akiwa amekubali kujiunga na kikosi. Paris anaonekana amekufa, lakini mapigo ya moyo yanasikika, na anayeyagundua ni Degas. Huyu Degas ni kijana wa upande wa serikali anayemfukuza Ethan huku akianza kujiuliza kama wanamfukuza mtu sahihi. Mwenzake Briggs hajiulizi, na chuki yake inazidi ile ya mtu anayetimiza amri tu. Iwekee alama hiyo.

Gabriel anahitaji mistari yake mwenyewe. Picha za haraka za zamani zinamwonyesha akimuua mwanamke aitwaye Marie, miaka mingi iliyopita, kabla Ethan hajawa jasusi, na tukio hilo ndilo lililomfikisha Ethan mahali pa kuchagua kati ya jela na kazi hii. Filamu inalitaja kwa vipande na hailifafanui. Usitafute maelezo zaidi mtandaoni, kwa sababu ukiandika jina lake tu utamwagiwa ubuyu wote wa filamu ya nane kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Hatua ya sita: Rudi 1996 na 2006 kwa vipande

Filamu ya kwanza ina dakika 110 na unaweza kuitazama yote bila kuchoka, lakini kama muda ni mdogo tazama vipande vitatu. Kimoja ni kikosi kinavyosalitiwa mjini Prague na mazungumzo ya Ethan na Kittridge mezani, kando ya matangi ya samaki. Cha pili ni wizi wa Langley, Ethan akining'inia kwa kamba ndani ya chumba cheupe. Safari hii usimtazame Ethan. Mtazame mfanyakazi wa chumba hicho, William Donloe, mtu asiye na kosa lolote anayeugua tumbo, anakimbilia chooni, na baadaye anaadhibiwa kwa kupelekwa kituo cha mbali. Tazama na kisu kinachodondoka mezani. Cha tatu ni mwisho, hatima ya Jim Phelps, kiongozi wa kikosi. Ukiwa hapo utakutana pia na Max, muuzaji wa siri anayeigizwa na Vanessa Redgrave. Huyo ndiye mama yake Alanna.

Katika filamu ya tatu unachokihitaji ni kitu kimoja: kile kinachoitwa Mguu wa Sungura, ambacho Ethan analazimishwa kukiiba Shanghai ili kumwokoa mkewe, Julia. Mwaka 2006 mwongozaji J. J. Abrams alikataa kutuambia ni nini hasa, na wengi tuliridhika kwamba ni mzigo wa kuendesha kisa tu. Tazama kilivyo kwa macho, umbo lake na alama zake, kisha zima runinga.

Hatua ya saba: Siku yenyewe

Acha siku moja au mbili zipite kati ya ya saba na ya nane. Kuziunganisha usiku mmoja ni zaidi ya saa tano na nusu, na mwili wa mtu aliyeshinda kazini Posta hauwezi.

Kama utaipata ukumbini, hata kwa maonyesho ya marudio, nenda. Jiji hili lina historia ndefu ya sinema. Ubalozi wa Marekani wa sasa, pale barabara ya Old Bagamoyo, umesimama mahali palipokuwa na sinema ya kutazamia ndani ya magari, jambo ambalo mwandishi wa hadithi za kijasusi angelibuni tungemwambia amezidisha. Kwa ukumbi wa Mlimani City, onyesho la Jumamosi saa 8:00 mchana ndilo linalofaa. Filamu ina karibu dakika 170, ongeza matangazo na trela, na utatoka baada ya saa 11:00 jioni daladala zikiwa bado nyingi. Onyesho la saa 10:00 litakutoa katikati ya foleni ya Mwenge, na la saa 2:00 usiku litakutoa saa 5:00 na ushee, wakati ambao mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto ataanza kuhesabu nauli ya bajaji.

Nyumbani, kanuni za sauti na rimoti zibaki zilezile. Daftari lipitie mara moja kabla ya kuanza, kisha liweke kando.

Lipo na suala la haja ndogo, ambalo kwa filamu ya muda huu si la kuchekwa. Nenda kabla haijaanza, na soda iwe ndogo. Ikibidi kutoka, toka katika saa ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa yake ni watu kuelezana mambo na picha za kukumbushia filamu zilizopita, na kwa kazi uliyoifanya hayo unayajua tayari. Wakishaanza kushuka majini usinyanyuke: kipande cha nyambizi ni kirefu, hakina maneno karibu kabisa, na mwenzako aliyekaa pembeni hataweza kukusimulia ulichokikosa.